Mwongozo wa Kukusanya na Kutambua Zana Kongwe za Useremala Mjini Lamu

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi wanaokuja kuutazama husimama mbele ya milango ya nakshi, wakapiga picha ya mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) na vizingiti, kisha wakaenda zao bila kuuliza ni bobari gani, ile patasi yenye makali ya mviringo, iliyochonga ua lile. Milango ina watetezi wake. Zana zilizoichonga hazina, na mara nyingi zinapotoka mikononi mwa fundi aliyezeeka huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ambako tezo (shoka lenye ubapa uliokaa kama wa jembe) ya karne moja hupimwa kwa kilo pamoja na vipande vya nondo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuziokoa zana hizo na kujua ni kitu gani hasa alichokiokoa. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: zana ya kiwandani inaweza kujieleza yenyewe kwa chapa iliyopigwa juu yake, lakini zana iliyofuliwa hapa kwetu, au iliyotoka nje ikatiwa mpini hapa, haina cheti kingine isipokuwa maneno ya watu walioitumia. Mkusanyaji anayechukua chuma na kuyaacha maneno amechukua nusu, tena nusu iliyo rahisi kupatikana kwingine.

Hatua ya kwanza: ijue sheria, kisha uamue unakusanya nini

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, ambacho kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu cha aina hiyo hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo patasi ya miaka ya 1880 unayotaka kumpelekea jamaa aliyeko Ulaya si zawadi ya kufungwa katika sanduku la nguo tu. Ukiwa na shaka, nenda Makumbusho ya Lamu pale ufukweni ukaulize kabla ya kununua.

Baada ya hapo chagua fani moja. Kisiwani mwetu kuna kazi mbili kubwa za mbao, nazo zinatofautiana sana kwa zana: kazi ya milango, viti vya enzi na samani, na kazi ya vyombo vya baharini, yaani majahazi, mashua na madau. Seremala wa nakshi huishi kwa patasi na bobari ndogo ndogo, ilhali fundi wa vyombo huishi kwa tezo, keekee ya kutobolea na chembeu ya kuzibia nyufa. Anayekusanya zote kwa pamoja bila mpango hujikuta na rundo lisiloonyesha kazi yoyote tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi ningependelea sanduku moja kamili la fundi mmoja kuliko kabati zima lililojaa vitu visivyojuana.

Hatua ya pili: tafuta mahali zana zilipofanyia kazi

Kwa vyombo vya baharini, anzia Matondoni, kijiji ambacho jina lake haliwezi kutengwa na ujenzi wa majahazi. Kwa samani na milango, anzia karakana za mjini, zile za ufukweni na zile zilizo ndani ya vichochoro vinavyotoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale. Siyu, Pate na Faza, miji ya kisiwa cha Pate, zinastahili safari, na hasa Siyu, ambayo kwa muda mrefu ilisifika kwa mafundi wa kila aina. Wenye kununua chuma chakavu nao waombe wakuonyeshe walichonacho kabla hakijapakiwa chomboni.

Adabu ndiyo inayofungua sanduku. Toa salamu, ukae, uulize kazi kabla ya kuuliza zana, na usitaje bei wewe wa kwanza. Mwite mwenyeji wako fundi au mzee, kama umri wake unavyostahiki. Mambo mawili yasivunjwe kabisa. La kwanza, usinunue zana ambayo mwenyewe bado anaitumia kupata riziki yake, hata akikubali kwa sababu ya shida aliyonayo siku hiyo. Mwombe uipige picha na uandike habari zake, na umwachie. La pili, zana za marehemu ni sehemu ya mirathi. Mtoto mmoja anaweza kukuuzia sanduku la babake bila dada zake kujua, na wewe ukawa umenunua haki ya watu wengine. Hakikisha warithi wote wameridhia, na malipo yafanyike mbele ya zaidi ya mmoja wao.

Hatua ya tatu: andika kabla hujasafisha

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo haiwezi kurudiwa, kwa kuwa mzee aliyekupa zana leo huenda usimkute msimu ujao. Ukiwa bado umeketi na mwenye zana, andika jina la zana kama anavyolitamka yeye, kwa Kiamu au Kibajuni chake, wala usilisahihishe lifanane na la kamusi. Uliza ilikuwa ya nani kabla yake, ilinunuliwa au ilifuliwa wapi, ilifanya kazi gani hasa, ilishikwaje, na ni nani aliyeitia mpini uliopo sasa. Uliza pia ni milango au vyombo gani vilivyojengwa nayo, maana baadhi ya milango hiyo bado imesimama, na alama ya bobari inaweza kulinganishwa na upana wa bobari yenyewe. Omba ruhusa kabla ya kuandika jina la mtu.

Piga picha za pande zote huku rula ikiwa kando ya zana. Ifunge lebo ya karatasi ngumu kwa uzi. Usibandike kwa gundi, wala usikwaruze namba juu ya chuma.

Hatua ya nne: tenganisha kilichofuliwa hapa na kilichotoka kiwandani

Zana ya mhunzi hujulikana kwa kutolingana kwake. Tazama tundu la mpini au msuka, ule mwiba wa chuma unaoingia ndani ya mpini: kazi ya mkono huacha alama za nyundo, mahali chuma kilipokunjwa na kuunganishwa kwa moto, na unene unaotofautiana upande hadi upande. Kisha chunguza chuma chenyewe kilikotoka. Wahunzi wa pwani, kama wenzao wa bara, wamefua zana nyingi kutokana na springi za magari, na zana ya namna hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya magari kufika, vyovyote utakavyoambiwa juu ya umri wake. Patasi nyingine zilifuliwa kutokana na tupa iliyochakaa. Ukiigeuza kwenye mwanga wa kando utaona mabaki ya meno ya tupa karibu na msuka.

Zana za zamani zaidi mara nyingi zimeungwa kwa vyuma viwili: mwili wa chuma laini cha kufua, na kipande cha pua, yaani chuma kigumu au feleji, kilichochomelewa mahali pa makali. Ukitaka kujua, futa mafuta katika sehemu ndogo isiyoonekana sana, uipake siki, usubiri dakika chache. Pua huwa nyeusi zaidi kuliko chuma laini, na mstari wa maungio hujitokeza wazi. Osha mara moja kwa maji, ukaushe, upake mafuta.

Sasa tuzichukue zana zenyewe.

Tezo. Hii ndiyo iliyochonga mataruma (mbavu) na mkuku (mti wa chini unaobeba mbavu hizo) wa kila chombo kilichoshushwa majini hapa. Pima urefu wa ubapa wake: tezo iliyonolewa miaka mingi hufupika hadi makali yanakaribia tundu, na ufupi huo ni ushahidi wa kazi, si kasoro. Mpini wa tezo huchongwa kwa kipimo cha mkono na mkao wa fundi, kwa hiyo usiubadilishe hata kama umepinda.

Keekee. Zana hii hukusanywa vibaya kuliko zote, kwa sababu watu huokota chuma peke yake. Keekee kamili ina sehemu nne: chuma chenyewe kinachotoboa, msukano ambao ni mti kilimochomekwa, jivu linaloshikwa kwa juu ili msukano uzunguke ndani yake, na uta wenye kamba unaousukuma huku na huku. Kwa kuwa uta huzungusha pande mbili kwa zamu, chuma cha keekee kina ncha bapa iliyonolewa ikate pande zote mbili, na hapo ndipo unapoitofautisha na ncha ya kiwandani iliyosokotwa, ambayo hukata upande mmoja tu. Tafuta mkwaruzo wa kamba uliozunguka msukano na shimo lililoliwa ndani ya jivu. Uchakavu huo hauigiki kirahisi. Keekee ina uzito wa pekee katika historia yetu, kwani mtepe, chombo cha Wabajuni kilichotoweka baharini katika karne ya 20, ulishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari, na kila mshono ulidai tundu lake.

Chembeu. Inafanana na patasi iliyokufa makali, nayo hutumika kusukumia pamba kati ya mbao wakati wa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa ili maji yasiingie. Butu lake ni la makusudi. Nimeona chembeu zikinolewa na wanunuzi waliodhani wanazitengeneza, na hakuna namna ya kurudisha umbo lililokwisha kusagwa.

Patasi, juba na bobari. Hapa ndipo viwanda vya nje vinapoingia kwa wingi, na jina utakalolisoma mara nyingi ni Sheffield, mji wa Uingereza ambako Benjamin Huntsman alianza kuyeyusha pua katika vyungu katika miaka ya 1740. Maneno CAST STEEL yaliyopigwa kwenye patasi yanataja pua hiyo ya vyungu, na mtu asidhani kuwa ni chuma cha kusubu cha bei nafuu. Chapa hupigwa kwenye ubapa karibu na msuka, kwa hiyo kutu ya hapo isiguswe kwa nguvu. Kati ya watengenezaji wa Sheffield, Robert Sorby alitumia picha ya kangaruu, na William Marples jani la sehemu tatu. Juba, patasi nene ya kuchimbia matundu ya ulimi, hutambulika kwa unene unaozidi au kukaribia upana wake. Bobari za nakshi zina namba, na namba hiyo si kipimo cha upana bali ni kipimo cha mpindo: katika mfumo wa Sheffield, namba 3 karibu ni bapa, namba 9 inakaribia nusu duara, namba 11 ni ya kina kama herufi U, na namba 39 ni ile ya pembe ya V. Ukikuta bobari za fundi mmoja, ziorodheshe kwa namba zake na utajua alichonga nakshi za kina kiasi gani.

Noleo, ile pete inayozuia mpini usipasuke, iangaliwe kwa makini. Noleo la kiwandani kwa kawaida ni la shaba, lenye unene sawa kote. La hapa linaweza kuwa kipande cha bomba lolote lililopatikana. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hupunguza thamani ya patasi iliyobadilishwa mpini; sisi tufanye kinyume chake. Patasi ya Sheffield yenye mpini uliochongwa Lamu inasimulia safari ya chuma na akili ya fundi aliyekipokea, na kwetu hiyo ina thamani kuliko iliyobaki katika karatasi yake.

Randa. Randa za mbao za Kiingereza hutengenezwa kwa mti wa bichi usioota kwetu, na jina la mtengenezaji hupigwa kwenye uso wa mbele. Majina mengine madogo yanayorudiwa hapo ni ya mafundi waliozimiliki. Randa za kuchorea mifuo za karne ya 18 mara nyingi zina urefu wa inchi 10 hivi, na baadaye kipimo kikatulia kwenye inchi 9 na nusu. Kabari inayobana kisu iwe ya randa hiyo hiyo. Ikichezacheza, imetoka kwingine.

Randa za chuma unazoweza kukutana nazo ni za kampuni mbili, Stanley ya Marekani na Record ya Uingereza. Stanley walinunua hataza (haki za uvumbuzi) za Leonard Bailey, mbuni wa randa, mwaka 1869, na toka hapo wakaendelea kubadilisha vitu vidogo vidogo vinavyotusaidia kukadiria umri. Fungua kisu utazame mwilini nyuma ya kiegemeo chake. Ukisoma tarehe tatu, MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10, randa hiyo ni ya kati ya 1910 na takriban 1918. Kumbuka kwamba hizo ni tarehe za hataza. Zinaonyesha kwamba randa haikutengenezwa kabla yake, wala hazitaji siku ilipotengenezwa. Tundu la kifuniko kinachobana kisu lilikuwa na umbo la tundu la ufunguo hadi karibu mwaka 1933, likawa na umbo la figo baada ya hapo. Randa ya Stanley iliyoandikwa MADE IN ENGLAND ni ya mwishoni mwa miaka ya 1930 au baadaye, kampuni ilipoanza kutengeneza randa Sheffield. Record walianza randa zao mwaka 1931, nazo hutanguliza sifuri katika namba, kwa hiyo Record 04 ni sawa kwa ukubwa na Stanley 4.

Msumeno. Futa polepole medali ndogo ya shaba iliyo kwenye mpini. Kwa misumeno ya Henry Disston wa Philadelphia, maneno & SON ni ya kati ya 1865 na 1871, na & SONS ni ya baadaye. Medali iliyoandikwa WARRANTED SUPERIOR peke yake haikutajii mtengenezaji. Kisha inamisha ubapa kwenye mwanga, kwani chapa iliyoandikwa kwa tindikali huonekana kwa pembe fulani tu, na msasa huifuta daima.

Hatua ya tano: soma jina la nchi na alama za serikali

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 juu ya alama za bidhaa, na ile ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika 1891, zilifanya majina ya nchi kuanza kupigwa kwenye bidhaa. Zana yenye neno ENGLAND au GERMANY kwa kawaida si ya kabla ya miaka hiyo, ingawa kukosekana kwa neno hakuthibitishi ukale. Wajerumani walishika himaya ya Witu, bara karibu na Lamu, tangu 1885 hadi 1890 na walifungua posta hapa Lamu mwaka 1888. Hata hivyo, usiharakishe kuihusisha kila zana ya Kijerumani na wakati huo, kwa kuwa biashara ya zana zao iliendelea miaka mingi baadaye. Alama ya kichwa cha mshale kilicho kipana inaonyesha mali ya serikali ya Uingereza.

Jambo moja liwekwe wazi kwa mgeni wa pwani: kutu si ushahidi wa umri. Hewa yetu ya chumvi huizeesha zana mpya ndani ya misimu michache, na muuzaji anayekuonyesha kutu kama cheti anakuonyesha bahari tu. Tafuta uchakavu ulio mahali mkono na kazi vinapogusana: bonde la kidole gumba kwenye mpini, kichwa cha mpini kilichopondeka kwa nyundo, upande mmoja wa makali uliolika zaidi.

Hatua ya sita: safisha kidogo iwezekanavyo

Kwa zana nyingi, kitambaa, mafuta ya taa na brashi ya nyuzi vinatosha. Kutu ya unga ikiendelea kubaki, tumia sufi laini ya chuma pamoja na mafuta, mbali na chapa. Mashine ya kusaga isikaribie zana kongwe.

Kwa kutu nzito kwenye chuma kisicho na mpini, umeme hufanya kazi kwa upole kuliko tindikali. Jaza ndoo ya plastiki maji, utie kijiko kikubwa kimoja cha magadi kwa kila lita 4. Funga zana kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye waya chanya, visigusane. Kipande hicho kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa sumu, wala bati lenye zinki. Fanya kazi nje, mbali na moto, kwa kuwa haidrojeni hutoka. Na zima umeme kabla ya kutia mkono. Baada ya saa kadhaa toa zana, usugue weusi kwa brashi, ukaushe juani na upake mafuta papo hapo, la sivyo kutu mpya itaanza kabla hujamaliza kukunja waya.

Mpini usipigwe msasa wala vanishi. Ufute kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha mafuta ya kitani kiasi kidogo sana. Ukiona unga mwembamba ukidondoka, ni bungua: funga zana katika mfuko wa plastiki, uiweke katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na uifungue pale tu itakapokuwa imerudi kwenye joto la kawaida.

Hatua ya saba: hifadhi kwa kuzingatia hewa ya hapa

Usitundike zana moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, kwa kuwa ukuta hunyonya unyevu na kutoa chumvi. Tengeneza kiunzi cha mbao chenye nafasi ya hewa nyuma yake. Chuma kipakwe mafuta mepesi ya mashine; mafuta ya nazi na ya simsim huchacha au hunata, yakakusanya vumbi. Kagua kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua za kusi, ukifuta alama za vidole, kwani jasho lina chumvi yake.

Andiko lako liwe na nakala tatu: moja kwako, moja katika kifaa kingine kilicho nje ya nyumba, na moja, pamoja na picha zake, kwa familia iliyokupa zana. Namba ya lebo iwe ile ile katika nakala zote, na kila unapopata habari mpya, iandike pamoja na tarehe na jinsi ulivyoipata, bila kufuta ile ya kwanza hata kama zinapingana.